Punda Mwenye Mimba

Binti yangu aliponiambia anataka kuuza maji Kitengela, sikumcheka. Mabomba ya zile ploti za kupanga za kule hukauka wiki nzima, na watu lazima wanywe. Pesa hakuwa nazo. Lakini kwetu Kajiado punda ni mali ya mwanamke, mume hana neno juu yake, kwa hivyo nikamtolea punda wangu jike, yule mwenye mgongo wa kazi. Mkokoteni akaukodi. Nilijigamba kanisani mpaka wenzangu wakachoka: wangu hajaandikwa kazi na mtu, anajiandika mwenyewe.

Na alijituma. Jua likitoka, yeye ashajaza mitungi kwa kisima cha kulipia. Wateja wakamzoea. Wajukuu wangu wakavaa viatu vya shule.

Siku moja nikaenda kumtembelea, nikamwona punda ametanuka pande zote. Mimi nimeishi na punda tangu nikiwa kasichana. Nikaweka mkono chini ya tumbo, kitoto kikanipiga teke.

"Mfungue," nikasema. "Mimba ikifika hapa habebi. Anaachwa kwa nyasi mpaka azae, na kitoto kipate nguvu."

"Yeyo, mama yangu, akipumzika, mimi nakula nini?"

"Kodi mwingine."

"Wa kukodi atameza faida yote. Na nikipotea kidogo tu, wateja wanahamia kwa mwenye lori ya maji. Yule, lori yake ikiharibika, analeta ingine."

Ng'ombe wangu wote walikwisha na ukame. Ningemnyang'anya punda, nimpe nini?

"Basi punguza mitungi," nikasema. Maneno ya mama asiye na kitu.

Akapunguza. Haikusaidia. Nikiwa bado kwake, punda akapiga magoti katikati ya barabara ya murram, mkokoteni ukiwa umejaa. Tukamfungua kamba, tukamvuta kando. Kitoto kilitoka kimekufa. Mama yake akapumua kwa shida kidogo, halafu akaacha.

Kwa redio wanasema maskini aanze na kile kidogo alicho nacho. Sisi tulianza nacho. Hawasemi ufanye nini kikishalala chini hivyo, macho wazi, nzi wamekuja.

Simu ya binti yangu ikalia. Mteja alikuwa anapiga kelele hata mimi nikamsikia.

"Mama maji, uko wapi? Nimeloweka nguo tangu asubuhi!"

"Nakuja, mama. Niko karibu."

"Karibu ni wapi? Ama niite lori?"

"Usiite. Nimefika."

Akapangusa damu mikononi kwa leso, akaingia katikati ya ile miti miwili ya mkokoteni, mahali pa punda.

"Yeyo, sukuma."

"Wewe ni mtu ama ni mnyama?"

"Sukuma kwanza. Matusi utanipea tukifika."

Nikasukuma. Mgongo wangu ulilia, na yeye mbele hakugeuka hata mara moja. Tulipofika kwa geti ya yule mteja, maji yalikuwa yanatiririka chini yake mpaka barabarani, na lori lilikuwa linarudi nyuma litoke, likitupigia honi tulipishe.