Nurlaela na Cheti cha Ndoa ya Jego

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Nurlaela ni sindano. Alikuwa ameichomeka kwenye ukingo wa mtandio wake, na uzi mweusi umezungushwa juu yake, kama vile mtu mwingine anavyochomeka kalamu mfukoni. Aliingia katika saiba ya Purity pale Ukunda, duka la intaneti ninakofanya kazi, asubuhi moja ya mwezi wa Desemba, akaketi kusubiri zamu yake, akainua macho na kuliona pazia letu lililofumuka pindo tangu wakati wa mvua. Aliliangalia kwa muda. Kisha akanijia mezani.

"Samahani, dada. Nikishona hili pazia bila malipo, hiyo ni kazi?"

Nilidhani ananitania. "Kushona ni kazi, ndiyo."

"Hapana. Nauliza kwa sheria."

Purity akacheka. "Mwalimu, jibu swali. Si wewe ndiye umesoma?"

Purity ananiita mwalimu kwa sababu nina digrii ya ualimu na bado nasubiri kuajiriwa. Nurlaela akarudi kuketi, mikono ameifunga mapajani, akiliangalia pazia kama mwenye njaa anavyoangalia sahani ya jirani.

Baadaye nilimwelewa. Nurlaela anatoka Lombok, kisiwa cha Indonesia ambako watu wanalima mpunga na kupikia nazi kama sisi. Kwa miaka sita alikuwa fundi wa kushona katika hoteli moja ya Doha. Humo ndimo alimokutana na Swabir, mpishi, kijana wa Bongwe, aliyemfundisha Kiswahili. Walioana wakiwa likizoni, kule Jego, kwa sababu Swabir alilelewa huko na mjomba wake, Mzee Jumbe, nahodha wa mashua, na kwetu mjomba hapitwi katika jambo kama hilo. Baada ya wiki tatu walirudi Doha, kila mmoja kwa mkataba wake. Mikataba ilipokwisha mwaka jana, walikuja Bongwe kwa mama yake Swabir, Bi Mwanapili, wakiwa na nia ya kukaa moja kwa moja.

Kazi ilikuwapo. Hesbon, msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, alikuwa anatafuta fundi wa mapazia na sare. Aliziona nguo ambazo Nurlaela alimshonea Bi Mwanapili, akafika mwenyewe hadi Bongwe.

"Madam, kazi iko, hata kesho," alimwambia. "Lakini bila makaratasi, mimi siwezi. Wakikushika pale, tunaenda ndani wote wawili."

Ndiyo sababu alikuja saiba. Tulifungua mtandao wa serikali, nami nikamsomea njia zilizokuwapo, moja baada ya nyingine. Kibali cha mtegemezi, cha mke wa raia, kingempa ruhusa ya kukaa, lakini si ya kuajiriwa. Kibali cha kazi kingeombwa na hoteli, nayo ingetakiwa kueleza kwa nini haikumpata Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Njia ya tatu ilikuwa ukaazi wa kudumu. Mwenye nao anafanya kazi popote, na mke wa raia anaruhusiwa kuuomba akitimiza miaka mitatu ya ndoa. Uraia wenyewe ni baada ya miaka saba.

"Mimi nina miaka mitatu na miezi miwili," alisema, uso ukachangamka. "Basi hiyo ya tatu."

"Vizuri. Nipe cheti cha ndoa."

Akatoa kwenye mkoba picha nne za harusi.

Hapo nikaliona kosa, nalo ni kosa letu, si lake. Huku kwetu ndoa ni walii wa kumwozesha binti, mashahidi wawili, mahari na kauli ya mume. Watu wakishakula pilau, nani anakumbuka karatasi? Maalim Ramadhani aliyewaozesha aliandika majina yao katika daftari lake, akawaombea dua, na hakuna aliyekwenda kwa kadhi kuandikisha. Wazee wangapi wameishi hivyo hadi wakazikana? Lakini Nurlaela alihitaji cheti, na tena chenye tarehe ya siku ile ya Jego. Kikiandikwa tarehe ya leo, angeanza kuhesabu upya miaka mitatu bila kazi.

Kule Bongwe wengi walimwona anajitesa bure. Nilikuwapo siku Bi Mwanapili alipomshauri, huku anachambua mchicha.

"Mwanangu, nenda kashone. Nani atakujua? Vaa buibui, nyamaza kimya, watasema ni Mbajuni."

"Na nikicheka, mama?"

"Ukicheka wataona ni Mbajuni aliyelelewa vibaya."

Wakacheka wote wawili. Kisha Nurlaela akatulia, akatueleza jambo ambalo hata mama mkwe wake hakulijua. Mwaka wake wa kwanza Doha, kabla ya ile hoteli, mwajiri wake aliacha kibali chake kiishe na pasipoti akaifungia kabatini. Kwa miezi minane hakuvuka kizingiti, hata kwenda dukani.

"Mlango ukigongwa, nilikuwa naingia chini ya kitanda," alisema. "Mama, mimi nataka kufungua mlango."

Bi Mwanapili akauweka mchicha chini. Tangu siku hiyo hakutaja tena buibui, na yeye ndiye aliyempigia simu ndugu yake kule Jego kumwambia amlete maalim Kwale.

Tulikwenda kwa kadhi katikati ya Januari: Nurlaela, Swabir, Mzee Jumbe, Maalim Ramadhani na mimi niliyebeba faili. Maalim alilifungua daftari lake kwa fahari. Majina yalikuwapo, na mahari, na mashahidi wawili, mmoja wao Mzee Jumbe. Tarehe ilisema: Ijumaa, mwezi kumi na saba, Mfungo Sita. Hakuandika mwaka, wala tarehe ya kizungu.

"Maalim," kadhi akasema, "Mfungo Sita wa mwaka gani?"

"Wa mwaka ule waliooana, shekhe."

Mzee Jumbe akaziba mdomo kwa kofia yake. Kadhi hakucheka. "Na walii ni nani? Baba yake alikuwapo?"

Maalim akaeleza kwamba babake alikuwa Lombok, akampa yeye uwakili kwa simu, na mashahidi wakasikia.

"Ulijuaje kuwa ni baba yake?"

"Alilia, shekhe," Mzee Jumbe akajibu kwa niaba yake. "Mtu wa kukodi hawezi kulia vile."

Kadhi akasema haya ni mambo ya kuthibitishwa, na yasipothibitika itabidi nikaha ifungwe upya, kwa tarehe ya siku hiyo. Nilimtazama Nurlaela. Alikuwa ameishika ile sindano ya mtandioni kwa vidole viwili.

Ndipo Swabir akaomba baba apigiwe simu. Nurlaela akajitolea kutafsiri, kadhi akakataa: mwenye haja hatafsiri. Basi simu ikawekwa mezani, ikalia, na sauti ya mzee ikatoka, "Assalaam alaykum." Kadhi akaitikia. Hapo wakakwama. Mzee hajui Kiswahili, kadhi hajui lugha ya Lombok, na Kiingereza mzee hana.

Kadhi akajaribu Kiarabu, polepole, kama anayesomesha watoto chuo cha Kurani. Mzee akajibu kwa Kiarabu hichohicho, polepole, kama anayesoma kitabu kwa sauti. Wote wawili walikuwa watoto wa chuo, wote wa madhehebu ya Shafi, na kila mmoja alikuwa amehifadhi masharti ya nikaha kwa maneno yaleyale. Kadhi akiuliza sharti, mzee anamalizia. Baada ya dakika mbili Maalim Ramadhani naye alikuwa anaitikia kwa kichwa, midomo inamchezacheza.

Kadhi akauliza tarehe. Mzee akaenda kuchukua kitabu chake, tukasikia kurasa zikifunuliwa. Akasema: Ijumaa, mwezi kumi na nane wa Rabiul-Awwal, ambao ndio Mfungo Sita wetu, mwaka 1444.

Kumi na nane! Daftari lilisema kumi na saba. Swabir akaanza kusema kitu, kadhi akamnyoshea kiganja. Akalitazama daftari, akaitazama simu, kisha kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Kwao mwezi uliandama siku moja kabla yetu," alisema. "Sisi hapa tunagombania Idi kila mwaka baina ya Ukunda na Kwale, itakuwa Lombok? Mwezi umewatofautisha, lakini Ijumaa ni moja. Wangekuwa wamepanga maneno haya, wangepatana tarehe."

Akaivuta kalenda yake, akaitafuta Ijumaa hiyo, akaandika: 14 Oktoba 2022.

Nurlaela hakulia. Mzee Jumbe ndiye aliyelia, akasingizia vumbi. Nurlaela alimpa kadhi shukrani, akampa maalim, akanishukuru mimi, akatoka nje akamshukuru mpaka askari wa langoni, ambaye hakujua kosa wala wema alioufanya. Babake alikuwa bado yuko kwenye simu, anamwombea kadhi dua.

Kwa cheti kile tuliomba vitu viwili. Kibali cha mtegemezi, ili asikae hata siku moja nje ya sheria, kimeshatoka. Ombi la ukaazi wa kudumu liko Nairobi. Amekwishachukuliwa alama za vidole na amekwishahojiwa, yeye na Swabir, kila mmoja chumba chake. Swabir aliulizwa mkewe anapenda kula nini. Akajibu, "Pilipili, na nyingine pembeni," na ofisa akaandika.

Mimi nilisoma miaka minne chuo kikuu na sikuwahi kukishika cheti changu kwa mikono miwili kama nilivyomwona Nurlaela akikishika chake. Namshukuru kwa hilo. Nasubiri barua yangu ya kuajiriwa, naye anasubiri yake, na kungoja na mtu mwenye subira kama yake ni neema.

Jana Hesbon alipiga simu saiba. "Mwambie madam mashine nimeipaka mafuta, na mapazia ya vyumba arobaini yameshakatwa. Wageni wa Pasaka wanakuja. Hiyo barua inakuja lini?"

Nikaufungua mtandao, kama nifanyavyo kila asubuhi. Kwa majuma matatu ombi lilikuwa limeandikwa kwamba linashughulikiwa. Jana lilisema limepitiwa, na mwombaji ataarifiwa kwa ujumbe wa simu ndani ya siku saba. Nilimpigia Nurlaela papo hapo. Leo ni siku ya pili. Bi Mwanapili ameipandisha simu ya Nurlaela juu ya kabati, mahali panaposhika mtandao vizuri, na amekataza mtu yeyote asiiguse.