Mama Barbados

Safari ya Barbados nimeipanga hadi ofisini kwetu hapa Kyela wakanibandika jina la Mama Barbados. Mwaka huu nikachukua likizo kweli, wenzangu wakanikatia keki ya kuniaga. Nauli ikanishinda. Kwa aibu nikapanda mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha ufukweni hapa hapa wilayani, nikawa nawatumia picha za mchanga na maji ya ziwa. “Barbados raha jamani!” niliandika, mwongo mkubwa mimi.

Jana nilirudi kazini. Nikiwa katikati ya kuwasimulia mawimbi, akaingia mama mfinyanzi niliyefikia kwake Ikombe, chungu mkononi.

“Ugonile, mwanangu,” akanisalimu. “Ulisahau chungu chako.” Akanitazama kwa huruma. “Na hiyo Barbados uliyokuwa unaililia kila jioni pale kwangu, utakwenda lini?”