Jipu Laisha, Kisu Hakikuguswa

Saa mbili asubuhi, tabibu Emerensiana Likwata anapitisha kifaa cha altrasaundi juu ya titi la kushoto la Naima Hussen, mzazi wa wiki tano. Titi limevimba, linang'aa. Pembeni amesimama mama mkwe, Bi Somoe, na hana dalili ya kutoka.

"Mkwe wangu hakatwi," anasema. "Mimi walinikata, ziwa hili halikutoa tena hata tone. Wanangu wanne wamekulia upande mmoja."

Emerensiana habishi. Katika miaka tisa kwenye kituo hiki cha afya wilayani Kilwa, sita alikuwa akikata.

"Sikupenda," anasimulia. "Mama anafungwa bandeji mwezi mzima, mtoto anaishia kwenye uji."

Ndipo alipofundishwa kuvuta usaha kwa sindano, altrasaundi ikimwonyesha njia. Tangu hapo amewatibu wanawake thelathini na saba. Wanne tu ndio waliolazimika kupasuliwa.

Naima amechelewa. Kwa siku sita kule Kiranjeranje, Bi Somoe alimkanda kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, akamkataza kunyonyesha upande ule akidhani maziwa yameoza. Kumbe maziwa kutuama ndiko kulikozidisha ugonjwa. Kwa nia njema kabisa, jipu lililelewa kama mgeni.

"Shikamoo, mama," Emerensiana anamwambia. "Sogea uone mwenyewe."

"Marahaba." Bi Somoe anakagua trei: pamba, dawa ya ganzi, bomba la sindano. Anafunua hata kitambaa cha chini; kisu hakipo. "Haya, fanya. Lakini sitoki."

Ganzi inaingia, Naima anauma kanga. Usaha unajaa bomba la kwanza, la pili.

"Nilikuwa nasubiri kuumia, kumbe napata nafuu," anasema.

Anapewa dawa na amri moja: mtoto anyonye pande zote mbili.

Sindano inarudiwa baada ya siku mbili. Safari ya tatu, altrasaundi haionyeshi usaha wowote. Naima anampakata mwanawe, Maftaha, upande wa kushoto. Mtoto anashika, anagugumia maziwa mpaka anasikika.

Bi Somoe anapiga kigelegele. Wodi nzima ya wazazi inaitikia bila kujua kuna nini, na Emerensiana anafuta machozi kwa mkono wa koti. Ni ushindi, na hana haja ya kuuficha.

Sasa anapanga kuzunguka Kiranjeranje na Tingi kuwafundisha wauguzi na akina bibi kuwahi uvimbe siku ya kwanza. "Nataka mwaka ujao nikose wa kumchoma sindano," anasema.

Bi Somoe ameshajiandikisha kwenye msafara, bila kuombwa.

"Wakisikia kwako watasema umesoma tu," anamwambia tabibu. "Wacha wasikie kwangu kwamba nilikosea."