Saa Kumi na Moja ya Hajalala

Mawifi hatusifiani bure. Mke wa kaka ni mtu wa kuchunguzwa, si wa kupambwa kwa maneno, na huyu wa kwangu nilimchunguza tangu siku alipoingia nyumbani kwetu: anakunja vipi nguo, anawajibu vipi wakubwa, ananawa kabla ya kushika unga au baada. Kwa hiyo nikisema sijaona mwanamke mkaidi kama yeye, na kwamba ukaidi wake umenifanya nitembee kichwa juu mtaani, ujue sijahongwa.

Mtaani wanamwita Hajalala. Muulize yeyote, atakuonyesha banda la mabati nyuma ya soko la jumla, lenye mabenchi marefu, meza zilizotandikwa plastiki ya maua, na ukuta mmoja uliokuwa mweupe kabla moshi haujauzoea. Jina alipewa na wapakuzi wa malori, maana kila walipofika, hata iwe usiku wa manane, walimkuta macho, mwiko mkononi. Kaka yangu yeye hulala na kuku. Mkewe huamka na popo. Watoto wao wanasema baba ni wa mchana na mama ni wa usiku, na kwamba wawili hao wanapokezana kama walinzi wa zamu.

Kabla ya jiko alikuwa mfagiaji hospitalini, zamu ya usiku. Huko ndiko alikojua kwamba njaa ya usiku ina meno kuliko ya mchana. Mchana unaweza kuidanganya kwa karanga za barabarani. Usiku kila jiko limezimwa, na wewe una ndoo, dekio na korido ndefu mbele yako. Siku moja alimkuta muuguzi amesimama nyuma ya mlango wa stoo anakunywa uji uliobakishwa na mgonjwa, anakunywa haraka haraka, macho mlangoni. Wifi yangu hakumsema. Alirudi kwenye ndoo yake akalia, kisha akakasirika, na hasira yake haikai bure. Haukupita muda akaacha kazi, akanunua masufuria makubwa, akaliwasha jiko pale ambapo wauguzi wanaweza kufika kwa miguu na malori yanaweza kuegeshwa.

Kwake huulizwi unakula nini. Unaulizwa, "Unatoka au unaingia?" Anayeingia kazini hupewa supu na chai kali, tumbo lisije likamlemea akasinzia juu ya mzigo. Anayetoka hupewa wali na maharage ya kujaa, akifika nyumbani iwe ni kuoga na kulala tu. Dereva mmoja alijitia ujanja, yuko safarini lakini anadai wali wa wanaotoka. "Usukani utaushika kwa tumbo?" akamwuliza, akamwekea supu. Jamaa alinuna, akanywa, akaomba nyingine.

Mimi nilikwenda kumsaidia kuosha vyombo kusudi nimchunguze kwa karibu. Nikabaki hukohuko.

Sasa baraza la mji likatangaza kwamba leseni zote za vyakula na vinywaji vya usiku zitasikilizwa upya. Eti mji unakosa usingizi. Baa ya barabara kuu ikapewa ruhusa hadi saa nane za usiku, maana ina mlango wa kioo na mlinzi mwenye sare, ingawa muziki wake sisi wa nyuma ya soko tunaucheza bila kiingilio. Lakini jiko la mabati, hilo ndilo lililokuwa na malalamiko. Niliposikia hivyo nilitaka kwenda kukivunja kile kioo. Wifi akaniambia nimenye vitunguu.

Mlalamikaji alikuwa fundi cherehani anayeishi ghorofani, ng'ambo ya uchochoro. Na lilichotaka baraza tulikijua kabla hatujaitwa: tufunge saa tano usiku. Kwa watu wa kulala, saa tano ni usiku mkubwa. Kwetu ni saa ya kuonja chumvi. Wapakuzi na wauguzi huanza kuja saa saba. Kutuambia tufunge saa tano ni kutuambia tufunge kabisa, na nyumba ya kaka yangu, ambaye mgongo ulishamtoa kazini, ilisimama juu ya masufuria yale.

Tukaenda kwenye kikao. Ukumbi ulijaa watu wa leseni: wenye baa, wenye vibanda vya chipsi, wenye migahawa. Wajumbe wa kamati walikaa mbele nyuma ya meza ndefu, katikati yao mwenyekiti, diwani mwenye duka la vifaa vya shule, mtu mwema tu ukikutana naye dukani kwake. Alikuwa amesikiliza maombi tangu asubuhi na kamba ya viatu vyake ilikuwa imelegezwa.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo unalijua. Simu zetu zina saa yao na sisi tuna yetu. Simu ikiandika kumi na moja ya usiku, jicho linaona kumi na moja, ulimi unasema tano, na hakuna anayehangaika, tumezoea tangu utotoni. Basi aliyeandaa karatasi ya mwenyekiti aliandika saa ya simu. Na siku ile ulimi wa mwenyekiti ulisahau kugeuza.

"Baada ya kusikiliza pande zote," akasoma, na tulijua upande aliokuwa anausikiliza ni tumbo lake linalodai chakula cha mchana, "kamati imeamua kwamba jiko hili litafungwa saa kumi na moja usiku, kila siku, bila kuzidisha hata dakika moja." Akagonga meza.

Saa kumi na moja! Saa ya jogoo, saa ambayo hata Hajalala ameshafunika moto na anafagia. Mtu akacheka kule nyuma. Nikamgeukia wifi yangu, nikamkuta ameshasimama.

"Nimekubali, mheshimiwa mwenyekiti," akasema kwa adabu kubwa. "Sitazidisha hata dakika."

Akanishika mkono tukatoka, mwendo wa watu wanaotoka msibani, mpaka tulipofika nyuma ya ukuta. Hapo tulicheka mpaka nikakaa chini na gauni langu jeupe. Usidhani hatukujua alichomaanisha mwenyekiti. Hata mtoto wa miaka sita angejua. Lakini alichomaanisha kilibaki tumboni mwake, na alichosema kilitoka mbele ya watu, katibu akakiandika.

Usiku uleule, ilipogonga saa tano, wakaja askari wawili wa baraza. Hajalala akawavutia benchi.

"Mmekuja mapema mno, wanangu. Kaeni basi tungoje saa yenu. Mnatoka au mnaingia?"

"Mama, usitutanie. Funga."

"Mwenyekiti alisema saa ngapi?"

Mmoja akampigia simu katibu, akamwamsha usingizini, akasikiliza, kisha akairudisha simu mfukoni polepole. "Anasema ndivyo ilivyoandikwa," akamwambia mwenzake. Walikunywa chai wakaenda zao.

Habari zikatembea. Madereva waliposhuka kwenye malori walisalimia kwa kuuliza, "Saa ngapi?" na benchi zima likaitikia, "Kumi na moja!" Sokoni wakamtania mwenyekiti dukani kwake, wakamwuliza kama anauza saa za ukutani. Hapo ndipo baraza liliposhikwa na moto.

Afisa wa leseni alikuja mchana, sisi tunachambua maharage. Kijana mwenye sauti laini, alikaa bila kuvuta kiti mbali na moshi, nikampenda kidogo kwa hilo.

"Mama," akasema, "tusivutane. Kikao kijacho uje usimame useme kwamba siku ile ulisikia vibaya. Neno moja tu hilo. Kamati itakupa hadi saa saba."

"Na nisiposema?"

"Wataifuta leseni, mama. Watatafuta sababu. Sababu hazikosekani."

Akaaga akaenda. Mimi nikamrukia wifi yangu kabla vumbi lake halijatulia. "Chukua! Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Jioni kaka naye akasema vivyo hivyo, mkono kiunoni, pale mgongo unapomuuma. "Mke wangu, ukigombana na mwenye mpini, wewe umeshika makali."

Hajalala alikuwa anapepeta. Hakuinua macho. "Saa saba ndipo wateja wangu wanapofika. Mnataka niwafungie mlango wakiwa wameushika?"

"Basi tuombe saa nane kama ya baa," nikasema.

"Wifi, husikii. Saa si tatizo. Wanataka niseme masikio yangu yalikosea. Nikishasema hivyo leo, kesho wakiniambia sikulipa ushuru nami nimelipa, nitasema nini? Wataniambia, mama, masikio yako tunayajua. Kama walikosea waseme walikosea. Mimi nitafunga saa tano hiyohiyo na jiko nitalivunja kwa mkono wangu. Lakini kusema sikusikia nilichosikia, hapana."

Nilimwona mpumbavu, na nikamwambia hivyo. Usiku ule niliosha sahani kwa kelele kusudi ajue nimekasirika.

Kesho yake akavaa kanga safi, akapanda ghorofani kwa fundi cherehani. Nilimfuata nikidhani anakwenda kugombana, na katika ugomvi mimi sipendi kukosa. Kumbe alikwenda kuuliza.

"Jirani, kinachokuamsha ni nini hasa?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, akababaika. Akasema ni redio yetu ya jikoni inayoimba usiku kucha, na madereva wanaoacha injini zinanguruma chini ya dirisha lake wakati wanakula. Mke wake mgonjwa, akipata usingizi ukakatika haurudi.

"Ungeniambia," akasema Hajalala.

"Niliogopa. Watu wanasema una mdomo."

"Ninao. Lakini nina masikio pia."

Redio ikahamia nyumbani, kaka akafurahi nayo. Na dereva aliyeacha injini inanguruma hakupewa sahani mpaka azime. Wote walizima, mtu na njaa yake haringi.

Siku ya kikao cha pili tulirudi kulekule. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Wapakuzi walikuja na nguo zao za kazi, wauguzi waliotoka zamu walisimama ukutani wakisinzia, na wenye baa walikuja kuchungulia msiba wa jirani.

Mwenyekiti akaanza na fundi. "Bado unalalamika?"

"Mheshimiwa, mimi nililalamikia redio na injini," akasema fundi. "Sikulalamikia maharage."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akamgeukia wifi yangu, na sauti yake ikawa ya kubembeleza, ya mtu anayemnyooshea mtoto peremende. "Mama, sisi sote ni binadamu. Siku ile palikuwa na kelele humu. Yawezekana ulisikia vibaya?"

Nikamfinya pajani. Saa saba ilikuwa pale, mbele yetu, ni kuitikia tu.

Hajalala akasimama. "Nilisikia vizuri, mheshimiwa. Hapakuwa na kelele. Ulisema saa kumi na moja usiku, bila kuzidisha, na sijazidisha. Kama kamati ilikosea, iseme ilikosea. Iseme hapahapa, mbele ya hawa watu niliowapikia. Mimi nitafunga saa tano nikalale na mume wangu, masikini ameningoja miaka."

Ukumbi ulilipuka. Hata afisa wa leseni aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Niliona midomo ya wifi yangu inatetemeka, nikajua anaogopa kama mimi, pengine zaidi, na amesema hivyohivyo. Mkono wangu uliokuwa unamfinya ukaishika kanga yake ukabaki hapo.

Mwenyekiti akanong'ona na katibu. Katibu, mwanamke mkavu asiyependa mzaha, akajibu kwa sauti ili wote wasikie. "Uamuzi ukishatolewa haufutwi kwa kunong'ona. Mjumbe mmoja atoe hoja kwamba kamati ilikosea, aeleze kosa lilikuwa nini, niandike na jina lake."

"Haya," akasema mwenyekiti. "Nani anatoa hoja?"

Wajumbe wakaanza kuangalia dari. Uchaguzi haukuwa mbali, na wapakuzi peke yao walikuwa wanatosha kujaza kituo cha kura. Nani angesimama aandikwe kwamba yeye na wenzake, watu wazima wenye viti vya kuzunguka, walishindwa kusoma saa? Mjumbe mmoja aliinua mkono, wote tukamgeukia, akajikuna kisogo.

"Hakuna?" akauliza mwenyekiti. Akawatazama mmoja mmoja. Jasho lilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kidogo.

"Basi uamuzi unabaki ulivyo," akasema katibu, akachukua kalamu.

Hajalala hakukaa. "Unabaki saa ngapi, mheshimiwa? Nisije nikasikia vibaya."

Mwenyekiti akamtazama, akautazama ukumbi, akaitazama na ile karatasi.

"Kumi na moja," akasema.

"Ya wakati gani?"

Mwenyekiti akaikunja karatasi mara mbili.

"Alfajiri," akasema mwenyekiti, na katibu akaandika.