Gia ya Pili hadi Malindi

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa na silinda moja tu, pana kama kopo la maziwa ya unga, na ikinguruma uani vyombo vyangu vilitikisika kabatini. Sikuipenda hata kidogo. Ilitengenezwa Uingereza kabla sisi hatujazaliwa, ikachoshwa kwenye shamba la mkonge huko Kilifi, kisha ikaja kunichosha mimi Kakuyuni. Kazi zote ngumu iliupa mguu wa kulia: ndio uliopiga kiki, ndio uliobadili gia. Wa kushoto ulibaki na breki.

Kuiwasha kulikuwa na taratibu zake. Kwenye usukani palikuwa na kishikizo kidogo cha kuchelewesha cheche ya plagi. Ukikisahau, moto uliwaka kabla pistoni haijafika juu, injini ikarudi kinyumenyume, na kiki ikakurudia mguuni kama teke la punda. Kwa hiyo kila asubuhi mume wangu alivuta kishikizo, akainamisha kichwa kama mtu anayeombea chakula, ndipo akapiga. Nilimcheka sana kwa hilo.

Siku mtoto wetu aliposhikwa na degedege, hakuinamisha kichwa. Ilikuwa mchana wa masika, mvua imekatika kidogo, na barabarani hapakuwa na gari hata moja. Nilitoka na mtoto kifuani, macho yamegeuka, meno yameumana. Nikasikia kishindo kimoja, kisha kimya. Mume wangu alikuwa ameshikilia tangi, anavuta pumzi. Akavuta kile kishikizo alichokisahau, akazunguka upande wa pili, akapiga kiki kwa mguu wa kushoto. Ikawaka. Alipokwisha kukaa akainama, akasukuma gia kwa mkono. Niliyaona yote hayo, lakini kichwani mwangu hamkuwa na nafasi ya kuuliza.

Tukaenda kwa gia ya pili. Kwenye tope gia ya pili, kwenye barabara kavu gia ya pili, injini inalia kama inayochunwa na sisi hatusogei. Niliweka shavu langu puani mwa mtoto nisikie kama anapumua, na kwa mtetemeko ule sikuweza kujua anayetikisika ni yeye au ni sisi sote.

"Baba, badilisha gia," nikamwambia sikioni. "Mtoto anatufia huyu."

"Tunafika, mama."

Nikampiga ngumi ya mgongo. Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo.

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto mlangoni, akamlaza, akamdunga sindano. Mimi nilisimama pale nimeshika leso tupu. Baada ya muda mwili ukalegea, vidole vikafunguka, kisha akalia kilio kikali cha hasira. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Muuguzi akauliza baba yake yuko wapi. Nikatoka nje na maneno yangu tayari, ya kumwambia mwanamume anayemleta mtoto hospitali bila hata kushuka kumtazama.

Alikuwa bado juu ya pikipiki, ameiegemeza ukutani, uso umempauka. Kiatu cha kulia kilikuwa kimejaa mguu hadi kamba zimezama.

"Analia?" akaniuliza.

"Analia."

"Basi nishike niteremke. Mguu umevunjika tangu nyumbani."