Ujumbe Uliokwama Nyuma ya Picha

Wasomaji wangu, habari ya kifo chake niliipata kwa muuza nazi wa Ukunda, mtu asiyejua kwamba mimi na marehemu tuliwahi kufanya kazi pamoja. Alisema tu kwamba yule mtu wa bara aliyekuwa akilima mihogo Mkongani, mkimya, asiyependa kuulizwa mambo ya zamani, amefariki na amekwisha kuzikwa. Nikamuuliza kama ni yule aliyekuwa fundi wa kompyuta. Akacheka. "Kompyuta gani, bwana? Yule hata redio hakuwa nayo." Hapo nikajua ndiye.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika zahanati ndogo ya binafsi, nyuma ya hoteli moja ya watalii kusini ya Diani. Hoteli ilikuwa na dishi la setilaiti, nasi tukaruhusiwa kuvuta waya wetu kupitia ukutani. Marehemu, mtoto wa walowezi Wakamba wa Shimba Hills, ndiye aliyeajiriwa kuitunza mitambo hiyo. Wenzake wengi wa bara walikuwa wamehama kwa hofu ya fujo za wakati ule za kuwafukuza watu wa bara pwani. Yeye alibaki, akiwaamkia wazee wetu shikamoo na kuvua viatu mlangoni hata pasipokuwa na mkeka. Picha za eksirei tulizowatumia madaktari wa mbali zilikuwa zikitambaa, na daktari wetu akadhani laini ni nyembamba. "Laini si nyembamba, Daktari," marehemu akamwambia. "Inakaa bure." Akatueleza kwamba kompyuta inayotuma hutengewa bafa, yaani nafasi ya kushikilia data iliyokwisha kutoka lakini haijajibiwa kwamba imepokewa. Bafa ikijaa, kompyuta hunyamaza hadi jibu lipande angani na kurudi. Yetu ilikuwa ndogo mno kwa safari ndefu namna hiyo: ilituma kidogo, ikangoja, kidogo tena, ikangoja. Akaipanua. Alasiri ile picha ya mguu wa mgonjwa ilifika kabla chai haijapoa, na daktari, mtu asiyecheka ovyo, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Laiti mambo yangeishia hapo. Meneja wa hoteli alikuwa akituma Ulaya picha za matangazo, na kila foleni ilipojaa katika kisanduku cha dishi, ambamo data ya hoteli na yetu ilipitia, sehemu ya data ilitupwa ikabidi itumwe upya. Akasikia habari ya bafa yetu, akamwita fundi. "Nipanulie na mimi hapa. Sitaki kitu chochote kipotee." Marehemu akambishia. Kisanduku kile ni njia ya wote, alisema. Foleni ikiwa ndefu kupita kiasi, mwenye haraka atakwama nyuma ya mwenye mizigo, na kule kutupwa kidogo ndiko kunakozijulisha kompyuta kwamba zipunguze mwendo. Meneja akamuuliza kama ameichoka kazi. Vyumba vilikuwa vitupu, watu wakiachishwa kazi ovyo, na marehemu alikuwa na mke na wazazi wa kulisha. Akaipanua.

Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizokata barabara na kuua simu. Asubuhi moja mkulima wa Kidigo, jirani yetu, akaingia zahanati akiwa amembeba binti yake, mate yakimtoka mtoto na macho yamempinduka. Alikuwa amekunywa dawa ya wadudu iliyomiminwa katika chupa ya soda. Baba alikuja na kopo, lakini maandishi yake yalikuwa ya lugha tusiyoijua, na daktari alihofu kwamba tiba isiyolingana na sumu ingemmaliza. Akaniamuru niwaandikie wataalamu mjini, nikinakili maandishi ya kopo. Ulikuwa ujumbe mfupi sana. Nikautuma, nao haukwenda. Barua pepe si tamko moja. Mashine mbili husalimiana kwanza, zikajibizana, ndipo barua ipokewe. Kila salamu yetu ilipanga foleni nyuma ya picha za hoteli, na kabla jibu halijarudi kompyuta yetu ilikuwa imechoka kungoja, ikaanza upya. Marehemu akatazama kioo, uso ukamwiva. "Mungu wangu, ni ile foleni," akasema, akatoka mbio mvuani. Nilimfuata. Akamsihi meneja asitishe picha. Meneja akajibu kwamba zimekaribia kwisha. Fundi akampita, akauzima umeme wa kisanduku, foleni yote ikafutika, akang'oa na waya wa hoteli. Tuliporudi tukautuma ujumbe upya, ukaenda papo hapo. Jibu lilikuja, likiwa na jina la sumu na kipimo cha dawa, dawa iliyokuwa kabatini mwetu wakati wote huo. Daktari alikuwa amekwisha kumfunika mtoto shuka. "Mmejibiwa?" baba akauliza. Marehemu alikaa sakafuni, maji yakimchuruzika, akirudia, "Nilijua. Nilijua, nikafanya."

Juzi nilikwenda Mkongani kutoa rambirambi. Mjane wake alinikalisha, akaniletea maji, kisha akanishika mkono. "Niambie wewe uliyekuwepo. Mume wangu aliua mtoto?" Nikamwambia hapana, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza hadi mwisho. "Baba wa mtoto alikuja mwaka ule ule, mume wangu akiwa ameacha mitambo na kushika jembe," akasema. "Walilia pamoja hapa hapa. Alimwambia, 'Ndugu yangu, ni kadari ya Mwenyezi Mungu, sina kinyongo nawe.' Lakini mume wangu hakuamini mpaka anaingia kaburini."

Nimetembelea ofisi nyingi tangu wakati ule, nikaona wajane na wagonjwa wakiambiwa kwa upole kwamba maombi yao yapo, hayajapotea, wavute subira. Hivyo ndivyo tunavyojisifu: hatutupi kitu, hatumkatai mtu, tunaongeza tu mahali pa kungojea. Kutopotea si kufika. Yeyote aliyekabidhiwa njia ya watu, iwe ya waya au ya karatasi, asiridhike kwamba ina nafasi ya kila mtu. Aulize ni nani anayengoja, na anaweza kungoja hadi lini. Na akiamriwa kufanya jambo analojua litaumiza watu, tusimwache akatae peke yake.