Sinia Arubaini, Watu Mia na Tisini na Sita

Jirani yetu wa Mpendae alikuwa anarudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kwa mara ya tatu. Chuo cha uuguzi alichokitaka kilidai angalau D, naye alishaapa kwamba akifeli safari hii hatarudia tena. Akanichagua mimi nimfundishe, kwa kuwa nilimaliza chuo kikuu na nilikuwa nimekaa tu nyumbani.

Niliandaa njia nne za kutafuta x na y. Nikaogopa kwamba nne ni nyingi, kisha nikaogopa kuacha ile ambayo pengine ndiyo ingemwingia. Siku ya kwanza nikampa zote. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaweka kalamu chini.

"Mdogo wangu, huyu x ni nani?"

"Ni namba tusiyoijua, dada. Inaweza kuwa yoyote. Yaani si yoyote, ni moja, lakini bado..."

"Basi hata wewe naye hamjajuana."

Alicheka. Mimi nilishinda siku nzima nikiwaza kwamba atafeli kwa sababu yangu.

Kazi yake ilikuwa kupika na kupakua kwenye harusi. Wiki iliyofuata alichelewa, ametoka kwenye harusi Kiembe Samaki, na kwa kukosa la kusema nikamuuliza walipakuaje. Sinia arubaini, akasema, kubwa za watu sita na ndogo za watu wanne. Waalikwa mia na tisini na sita, na kila sinia ilijaa.

"Kubwa zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Ulizihesabu?"

"Nizihesabu za nini? Nnawakalisha wanne wanne kila sinia, hao mia na sitini. Thelathini na sita wamesimama. Sinia kubwa inaongeza wawili. Kumi na nane."

Nikavuta daftari. Niliandika x + y = 40, chini yake 6x + 4y = 196. Kukalisha wanne wanne kulikuwa kuzidisha mstari wa kwanza kwa nne. Kutafuta waliosimama kulikuwa kutoa. Ikabaki 2x = 36.

"Kumbe x ni sinia kubwa," akasema.

"Idadi yake."

"Haya, idadi yake, mwalimu."

Nilizitupa zile njia nyingine tatu. Tangu hapo kila swali alilianza kwa mdomo, kwa maneno yake, ndipo akaandika mstari mmoja mmoja, maana msahihishaji hatamsikia akisema. Miaka yote chuoni nilizidisha na kutoa bila kuwaona hao watu waliosimama. Namshukuru yeye kwa hilo.

Matokeo yalipotoka asubuhi moja, alinipigia simu.

"D," akasema.

Nilimuuliza kama ametazama namba yake mwenyewe, isije ikawa ya mtu mwingine, na kama mstari ule kweli ni wa hesabu.

"Nshatazama mara tatu, mdogo wangu. Kanywe chai."